Étienne ni Stefano: jibu kwa shangazi wa mtoto

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kigoma. Kaka yake anafanya kazi Lubumbashi, ameoa huko huko, na mtoto wao wa kwanza wa kiume ameitwa Étienne. Wanakuja nyumbani Krismasi, na mtoto atabatizwa Kigoma. "Mama yetu hataki jina asiloweza kulitamka," ameandika dada huyu, "na mzee mmoja wa jumuiya yetu ametuambia hakuna mtakatifu wa jina hilo, eti ni jina la Wazungu tu. Mwalimu, huyu Étienne ni nani? Wapo watu wa maana walioitwa hivyo? Na tukimwita mtoto Stefano, tutakuwa tumembadilishia jina?"

Dada, mwambie mama atulie. Étienne ndiye Stefano, yule yule shemasi wa Matendo ya Mitume sura ya 6 na ya 7, aliyepigwa mawe nje ya mji huku kijana aitwaye Sauli akilinda nguo za waliompiga. Wafaransa wanapoisoma sura hiyo kanisani husoma "Étienne". Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaosali kwa Kifaransa nao husoma hivyo hivyo. Mzee wenu wa jumuiya hakukosea aliposema jina limetoka kwa Wafaransa, ila mtakatifu analo, tena ni shahidi wa kwanza wa Kanisa. Sikukuu yake ni tarehe 26 Desemba, siku ambayo sisi huku tunaendelea kupumzika baada ya Krismasi. Kwa kuwa mtoto anakuja wakati huo huo, zungumzeni na paroko mapema kama ubatizo unaweza kufanyika siku hiyo. Somo la kwanza la misa ya tarehe 26 linatoka kwenye sura hizo hizo za Matendo, na mama atalisikia jina la mjukuu wake likisomwa kwa Kiswahili.

Najua hata hivyo kwamba mtu akiyaweka majina haya mawili kando kwa kando haoni undugu wake. Stefano lina s na f. Étienne halina hata moja. Ndiyo maana nataka nikueleze njia lililopita, kwa sababu mabadiliko haya hayakuja kiholela. Yaligusa maneno mengi ya Kifaransa kwa pamoja, na ukiyaona kwenye maneno mengine utayakubali na hapa.

Mwanzo ni Kigiriki: Stephanos, yaani taji, hasa lile la majani alilovikwa mshindi wa mbio au mieleka. Warumi wakaliandika Stephanus. Katika karne za mwisho za dola ya Roma, watu wa kawaida waliosema Kilatini katika nchi ambayo leo ni Ufaransa waliona taabu kuanza neno kwa s iliyoshikana na konsonanti nyingine, wakawa wanatanguliza irabu. Stephanus likasikika kama "Estefanu". Jirani zenu wa Rwanda walikutana na taabu hiyo hiyo wakaitatua kwa namna yao, kwa kuingiza irabu katikati. Ndiyo maana Biblia ya Kinyarwanda huandika Sitefano. Wahispania walibaki na Esteban, Wareno na Estêvão.

Kisha e iliyokuwa ikisemwa kwa nguvu ikageuka kuwa "ie". Jambo hilo hilo lilimpata Petrus hadi akawa Pierre. Ile a ya katikati ikamezwa, f ikalegea na kufifia ndani ya n iliyofuata, na kufikia Zama za Kati jina likawa Estienne. Baadaye s ikaacha kutamkwa, ila iliendelea kuandikwa kwa karne kadhaa. Mwaka 1740 Akademia ya Ufaransa ilipotoa toleo la tatu la kamusi yake iliziondoa nyingi kati ya hizo s zisizosikika, na mahali pake pakawekwa alama juu ya irabu. Kistari unachokiona juu ya É ya mwanao kinaonyesha mahali s ilipokuwa. Ukitaka ushahidi, angalia neno la Kilatini schola, lililokuwa escole na leo ni école, shule. Stella likawa estoile, leo étoile, nyota. Status likawa estat, leo État, dola. Estienne na Étienne ni safari hiyo hiyo.

Kwa mama unaweza kulifupisha zaidi. Muulize kama anajua kwamba Pierre ni Petro, Jean ni Yohana na Jacques ni Yakobo. Mtu yeyote aliyekaa karibu na Kongo au Burundi anayajua hayo bila kufundishwa. Étienne yumo katika kundi lao.

Jambo moja linawachanganya hata wanaojua Kifaransa. Wafaransa wana jina jingine, Stéphane, linalotoka kwa mtu yule yule. Étienne ni jina lililopita midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu. Stéphane lilichukuliwa baadaye moja kwa moja kutoka kwenye maandishi ya Kilatini na wasomi, kwa hiyo halikuchakaa. Mshairi Stéphane Mallarmé, aliyezaliwa Paris mwaka 1842, aliandikishwa kwa jina la Étienne. Katika miaka ya 1970 Stéphane lilienea sana kwa wavulana wa Ufaransa, huku Étienne likionekana jina la watu wazima. Mji wa Saint-Étienne nao unayabeba yote mawili: mji unaitwa hivyo, lakini wenyeji wake huitwa Stéphanois. Wapenzi wa soka wanaujua kwa klabu yake ya jezi za kijani, iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mara 10 na kufungwa 1-0 na Bayern Munich kwenye fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1976 huko Glasgow. Salif Keïta wa Mali, mchezaji wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu wa Afrika, mwaka 1970, alikuwa wa klabu hiyo.

Jina liliota mizizi Ufaransa kwa sababu ya ibada. Mwaka 415 ilitangazwa kwamba mabaki ya Stefano yamepatikana karibu na Yerusalemu, na heshima kwake ikasambaa haraka katika nchi za Magharibi. Makanisa makuu ya Bourges, Metz, Sens na Toulouse yamewekwa chini ya jina lake. Hata pale ilipo Notre-Dame ya Paris, kabla yake palikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Étienne. Kutokana na jina hilo zilitoka pia koo nyingi: Estève kusini mwa nchi, Thévenet na Thévenin kwingineko. Kijana wenu yeyote anayesoma umeme atakutana na kanuni ya Thévenin. Mhandisi aliyeiandika mwaka 1883 alikuwa na jina la ukoo lililochipuka kutoka kwa Étienne.

Sasa watu mashuhuri. Nitaanza na wawili ambao mama yako amekuwa akiitumia kazi yao maisha yake yote bila kuwajua.

Fungua Biblia yoyote ya Kiswahili nyumbani kwenu, utafute Matendo 7:59, aya ya Stefano akiomba huku akipigwa mawe. Ile namba 7 na ile namba 59 hazikuwekwa na Luka. Mgawanyo wa sura tunaoutumia kwa kawaida husemwa ni kazi ya Stephen Langton, aliyefundisha teolojia Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na aliyefariki mwaka 1228. Wafaransa humwita Étienne Langton. Namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne, mpiga chapa wa Paris ambaye ukoo wake ulibeba jina hilo katika tahajia ya zamani yenye s. Alikuwa mpiga chapa wa Mfalme François wa Kwanza, akagombana na wanateolojia wa Sorbonne, akahamia Geneva, na huko mwaka 1551 akatoa Agano Jipya lenye aya zilizohesabiwa. Mwanawe Henri alisimulia kwamba baba yake aliifanya kazi hiyo akiwa safarini kati ya Paris na Lyon. Kwenye vitabu vyao vya Kilatini akina Estienne walijiandika Stephanus. Henri naye alichapa kazi za Plato mwaka 1578, na hadi leo wanaofundisha falsafa duniani kote hutaja mahali katika Plato kwa namba za kurasa za chapa ile. Kwa maoni yangu hawa ndio wabebaji wakubwa kuliko wote wa jina hili, ingawa kwao lilikuwa la ukoo. Paris ina shule ya sanaa za vitabu na uchapaji iitwayo École Estienne, na s yake haijaondolewa.

Katika siasa za zamani yupo Étienne Marcel, mkuu wa wafanyabiashara wa Paris. Mfalme Jean alikuwa ametekwa na Waingereza vitani Poitiers mwaka 1356, na mwanawe Charles, kijana mdogo, ndiye aliyeshika nchi. Marcel alitaka kodi na matumizi ya serikali visimamiwe na wawakilishi wa watu. Tarehe 22 Februari 1358 umati uliingia ikulu ukawaua majemadari wawili mbele ya macho ya Charles. Marcel akaivua kofia yake ya nguo nyekundu na buluu, rangi za mji wa Paris, akamvisha yule kijana ili asidhuriwe. Miezi mitano baadaye, tarehe 31 Julai, Marcel mwenyewe aliuawa na watu wa Paris waliokuwa wamemchoka. Leo ana kituo cha metro kwenye laini ya 4 na sanamu akiwa juu ya farasi kando ya jengo la halmashauri ya jiji.

Étienne de La Boétie alizaliwa Sarlat mwaka 1530 na kufa mwaka 1563 akiwa na miaka 32 tu. Akiwa bado kijana aliandika hoja ambayo haijazeeka: mtawala dhalimu ana macho mawili na mikono miwili kama wengine, na nguvu yake yote amepewa na wale wale anaowakandamiza, wakiacha kumtegemeza, ataanguka mwenyewe. Rafiki yake mkubwa, mwandishi Montaigne, alipoulizwa walipendana kwa sababu gani alijibu: "Kwa sababu alikuwa yeye, kwa sababu nilikuwa mimi." Kama baba wa mtoto anataka Étienne mmoja wa kumsimulia mwanawe akishakua, ningemshauri amchague huyu.

Wanasayansi ni wengi. Bézout ana kanuni zake katika hesabu. Malus aligundua jinsi mwanga unavyobadilika tabia ukiakisiwa na kioo. Étienne Montgolfier na kaka yake Joseph walirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783, na mwezi Septemba wakawapandisha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme huko Versailles. Lenoir, mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni la Ubelgiji, alipata hati ya ubunifu wa injini ya gesi mwaka 1860, mmoja wa mababu wa injini za magari yetu. Marey alitengeneza kamera ya umbo la bunduki mwaka 1882 ili apate picha za ndege anavyopiga mabawa.

Lakini anayefaa kusimuliwa watoto wa Tanzania ni Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, kwa sababu ya twiga. Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtumia Mfalme Charles wa Kumi zawadi ya twiga jike aliyekamatwa Sudan akiwa bado ndama. Alishushwa na mto Nile, kisha akapandishwa meli ambayo sitaha yake ilitobolewa ili shingo ipate pa kutokea. Alifika Marseille Oktoba akakaa huko hadi majira ya baridi yapite. Ikabaki kumfikisha Paris. Geoffroy Saint-Hilaire, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa amefika Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, aliona kumrudisha baharini ni hatari, akaamua watembee. Yeye alikuwa na miaka 55. Waliondoka Marseille tarehe 20 Mei 1827, wakiongozana na ng'ombe wa kumpatia twiga maziwa, na watunzaji waliotoka naye Afrika. Twiga alishonewa koti la kumkinga na mvua. Kilomita karibu 880 kwa miguu, kijiji kwa kijiji, watu wakijaa barabarani kumtazama mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona Ufaransa. Walifika Paris tarehe 30 Juni. Twiga aliishi katika bustani ya Jardin des Plantes hadi mwaka 1845, mwaka mmoja baada ya Geoffroy kufariki.

Namtaja pia Étienne Dinet, maana najua majirani zenu wa Ujiji watapenda kumsikia. Alikuwa mchoraji wa Paris aliyehamia Bou Saâda nchini Algeria, akajifunza Kiarabu, akasilimu na kuitwa Nasreddine. Alihiji Makka mwaka 1929, akafariki mwishoni mwa mwaka huo huo, na amezikwa Bou Saâda.

Kwa upande wa Kongo, nadhani ndiko jina la mtoto lilikotokea. Muulize wifi yako kama kwao kuna mtu aliyempenda Étienne Tshisekedi. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1932 katika mji unaoitwa leo Kananga, akasomea sheria, akawa waziri chini ya Mobutu, kisha akageuka kuwa mpinzani wake. Mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha UDPS wakati vyama vya upinzani vilikuwa marufuku, akafungwa na kupelekwa kizuizini mara kwa mara. Alipata uwaziri mkuu mara tatu katika miaka ya 1990, kila mara kwa muda mfupi. Mwaka 2011 aligombea urais dhidi ya Joseph Kabila na hakuyakubali matokeo. Alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017. Mwili wake ulikaa Ubelgiji zaidi ya miaka miwili kwa sababu ya mivutano ya kisiasa, ukarudishwa Kinshasa mwaka 2019 mwanawe Félix akiwa tayari ni rais.

Kuna jambo katika historia hiyo linalohusu jina lenyewe. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kila Étienne, Pierre na Jean ilibidi aandikwe kwa jina la kwao. Mwanasiasa wetu akajulikana kama Tshisekedi wa Mulumba. Watoto wengi waliozaliwa Zaire miaka hiyo hawana jina la ubatizo kwenye vyeti vyao. Marufuku ilipolegea mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliyarudia majina haya kwa furaha kubwa. Kwa hiyo Mkongo wa leo anapompa mwanawe jina la Étienne, mara nyingi hana habari na Paris. Anarudisha jina ambalo baba au babu yake alikatazwa kulitumia.

Na kwa mama, mkumbushe Etienne Ndayiragije, kocha Mrundi aliyezifundisha klabu za Mbao, KMC na Azam kabla ya kupewa Taifa Stars mwaka 2019, akaifikisha CHAN iliyochezwa Cameroon mwanzoni mwa mwaka 2021. Watangazaji wetu wa redio walilisema jina lake kila wiki na hakuna ulimi uliovunjika.

Kuhusu kutamka: Mfaransa husema "e-tien", na e ya mwisho haisikiki. Mdomo wa Kiswahili utasema "Etieni", na hilo ni sawa kabisa. Lubumbashi kwenyewe wapo wanaosema hivyo. Mama akipenda kumwita Stefano, amwite. Hatakuwa amembadilishia mtoto jina, wala mtoto hatapotea kwa mtakatifu wake. Paroko naye hana kikwazo: kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba jina haliendi kinyume na hisia za Kikristo, na hili ni la shahidi.

Ninachowasihi ni kuhusu karatasi. Nyumbani mwiteni mtakavyo, lakini kwenye nyaraka jina libaki kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha Kongo, herufi kwa herufi, n mbili na e mwishoni. Daftari la ubatizo likiandika Stefano, ombeni Étienne liandikwe pembeni. Karani yeyote akitaka "kulisahihisha" liwe Stephen au Steven, mkatalieni kwa heshima, maana mtoto mwenye wazazi wa nchi mbili atahitaji nyaraka zake zisomeke sawa pande zote za ziwa. Kistari cha juu ya É kisiwatie wasiwasi: mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine haichukui alama hizo, kwa hiyo ETIENNE bila kistari halihesabiwi kuwa jina jingine.

Mwambie kaka yako aje na nakala halisi ya cheti hicho, asije na picha ya simu tu. Paroko ataihitaji, na ofisi ya vizazi nayo itaiuliza siku mtakapoanza kumshughulikia mtoto karatasi za upande wa baba.